Habari za Neno Tangawizi

Wasomaji wetu, tangawizi twaijua sote kwa ulimi. Hutiwa katika chai asubuhi ya baridi, hutwangwa pamoja na vitunguu saumu ikatiwa katika mchuzi, na mtu wa pwani anywapo kahawa chungu mara nyingi huionja humo pia. Mtoto akipata mafua, au msafiri akishikwa na kichefuchefu, hupewa kipande atafune. Lakini ni wachache waliofikiri ya kuwa neno lenyewe, pamoja na majina mengine ya kitu hicho katika lugha za mataifa, lina historia iliyo ndefu kuliko habari za falme nyingi tuzisomazo vitabuni.

Twapenda kuieleza historia hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, yatuhusu sisi watu wa Afrika ya Mashariki, kwa maana pwani yetu ilikuwa kando ya njia kuu ya biashara hiyo. Pili, yafundisha jambo limfaalo kila mtu asomaye na kila mtu anunuaye, nalo ni hili: jina la kitu ni shahidi, walakini ni shahidi apasaye kuulizwa maswali kabla ya kuaminiwa.

Tuanze na mmea wenyewe. Kile tukilacho si mzizi hasa, ingawa wengi hukiita hivyo. Ni shina lilalo chini ya udongo, lenye vifundo na macho. Mizizi yake halisi ni ile nyuzi myembamba ishukayo kutoka katika shina hilo. Jamaa zake ni manjano na iliki. Ajabu yake kubwa ni kwamba mkulima haipandi kwa mbegu. Huvunja kipande chenye jicho, hukifukia, na baada ya miezi minane hivi au kumi huvuna. Tena tangawizi hii ya shambani haionekani ikiota kwa asili yake porini. Basi ndege hakuieneza, wala upepo, wala maji ya mto. Kila mahali ilipo leo ilipelekwa na mkono wa mtu, na mtu yule alipoipeleka alikuwa na neno la kuiita. Kwa hiyo majina ya tangawizi ni kama nyayo mchangani: mwenye kuyafuata huweza kuona wasafiri walipita wapi.

Nyayo hizo zaanzia mashariki ya mbali. Watu wa Uchina na wa Bara Hindi wamelima tangawizi tangu zama za kale sana. Confucius, yule mwalimu mkuu wa Wachina aliyekufa mwaka 479 kabla ya Kristo, husimuliwa katika kitabu cha mafundisho yake kwamba tangawizi haikuondolewa mezani pake, wala hakula kupita kiasi.

Katika kusini ya Bara Hindi, Watamil huiita kwa neno lisikikalo kama “inji”, na kwa lugha yao mzizi ni “ver”. Lakini katika Kisanskriti, lugha ya vitabu vya kale vya Wahindi, iliitwa “shringavera”, na wenye lugha hiyo walilieleza neno hilo kuwa ni “mwili wenye pembe”, kwa sababu vile vidole vya tangawizi hufanana na pembe za mnyama. Maelezo hayo yapendeza masikioni. Walakini wataalamu wa lugha wengi waliolichungua neno hilo wasema kwamba halikuzaliwa na pembe yo yote. Lilitoka kusini, katika maneno yale ya “inji” na mzizi, na watu wa kaskazini walipolipokea walilifinyanga mpaka likafanana na neno lao walilolijua. Hapo twapata somo la kwanza: watu wakipewa neno geni, hulitafutia maana ndani ya lugha yao, kisha hutunga kisa cha kulieleza, na baadaye kisa husadikiwa kuliko ukweli.

Kutoka Bara Hindi neno lilishuka baharini pamoja na shehena. Wayunani walilitamka “zingiberis”, na Warumi “zingiber”. Waarabu wakasema “zanjabil”. Katika Biblia mdalasini umetajwa, kama tusomavyo katika Kutoka sura ya 30, lakini tangawizi haimo. Katika Kurani imo, sura ya 76, aya ya 17, ambapo yatajwa kuwa kichanganyiko cha kinywaji cha peponi. Jirani zetu wa kaskazini nao walilipokea neno hilo: Waamhara wa Habeshi husema “zinjibil”, na Wasomali “sanjabiil”. Mwenye kuyaweka majina hayo katika mstari mmoja aona dhahiri kuwa ni neno lile lile, likibadili vazi lake katika kila bandari.

Lakini je, neno lilipofika Ulaya, lilifika pamoja na maarifa? La. Mtaalamu wa Kirumi aitwaye Pliny, aliyekufa mwaka 79 mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika ya kuwa watu wengine walidhani tangawizi ni mzizi wa mti wa pilipili. Kosa hilo alilikanusha vema. Hata hivyo yeye mwenyewe alisema kwamba tangawizi huota Arabuni, na katika nchi ya watu wakaao mapangoni, yaani pwani ya Afrika kando ya Bahari ya Shamu. Bei yake, alisema, ilikuwa dinari 6 kwa ratili, hali pilipili manga iliuzwa kwa dinari 4. Kwa nini alikosea kuhusu nchi yake? Kwa sababu Warumi waliipokea mikononi mwa wafanya biashara wa Bahari ya Shamu, nao wafanya biashara hawakuwa na haja ya kuwaeleza wanunuzi njia ya kufika shambani. Mnunuzi ajuaye shamba hamhitaji tena mchuuzi.

Kosa la namna hiyo liliendelea karne nyingi. Karibu na mwaka 1340 Francesco Pegolotti, mtu wa Florence katika Italia, aliandika kitabu cha kuwaongoza wafanya biashara, na humo alitaja aina tatu za tangawizi. Ya kwanza iliitwa “belledi”, kutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kitu cha nchi, cha kienyeji. Ya pili iliitwa “colombino”, kwa jina la Kolam, bandari iliyo katika pwani ya Malabar. Ya tatu iliitwa “micchino”, yaani ya Makka. Sasa Makka ni mji ulio kati ya vilima vya mawe makavu, na tangawizi hupenda mvua nyingi na udongo mwororo. Haikulimwa Makka, ilipitia huko katika biashara. Jina lilishuhudia soko, wala halikushuhudia shamba.

Hapo tuigeukie pwani yetu. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mtu wa Morocco, aliteremka kwa jahazi kutoka Aden akafika Mogadishu, kisha Mombasa na Kilwa. Huko Mogadishu alikaribishwa kama mgeni wa heshima, naye akaandika chakula alichopewa: wali wenye samli, na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Pembeni aliwekewa maziwa mgando pamoja na achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi, na maembe. Basi zaidi ya miaka mia sita iliyopita tangawizi ilikuwamo katika karamu ya pwani ya Afrika ya Mashariki, ikiliwa pamoja na wali. Msafiri huyo huyo, alipofika baadaye Kalikuti katika Bara Hindi, alieleza habari za merikebu kubwa za Wachina, ambazo mabaharia wake walipanda mboga na tangawizi katika masanduku ya mbao humo humo chomboni. Tazama jinsi mkono wa mtu ulivyoichukua tangawizi ikiwa hai juu ya maji!

Tena mwezi wa Machi mwaka 1498, Vasco da Gama alipotia nanga katika kisiwa cha Msumbiji, mmoja wa watu wake aliandika kwamba palikuwapo vyombo vinne vya Waislamu, navyo vilichukua dhahabu, fedha, nguo, karafuu, pilipili na tangawizi. Wareno walikuwa wakiitafuta njia ya viungo. Na kabla hawajaiona Bara Hindi kwa macho, walivikuta viungo hivyo katika bandari ya Afrika, mikononi mwa watu wenye biashara yao tayari.

Sisi twaiita tangawizi, na neno letu nalo limesafiri. Waganda husema “ntangawuzi”. Wanyarwanda husema “tangawizi” kama sisi. Hata katika Kongo, wasemao Kilingala huita “tangawisi”, na kinywaji chao cha jina hilo chajulikana sana Kinshasa. Tufikiri kidogo juu ya jambo hilo. Mara nyingi twafundishwa kuhesabu maneno tuliyokopa kwa Waarabu, kwa Wahindi na kwa Wazungu, hata mtu aweza kudhani kuwa lugha yetu ni mkopaji tu. Lakini neno la pwani lilipanda bara pamoja na misafara, likafuata maziwa makuu, likavuka misitu, hata likakaa katika vinywa vya watu wasiojua bahari. Kiswahili nacho kimekopesha.

Walakini hapa yatupasa kujihadhari na lile kosa la watu wa Kisanskriti. Mtu mwenye werevu wa kuchekesha aweza kulikata neno letu vipande viwili, “tanga” na “wizi”, kisha akatunga hadithi ya wezi walioiba tanga la jahazi lililokuwa limepakia viungo. Hadithi ingependeza barazani, na watoto wangeikumbuka. Isingekuwa kweli hata kidogo. Maneno kufanana kwa sauti si ushahidi wa udugu, kama vile watu wawili kufanana kwa sura si ushahidi kuwa ni wa mama mmoja.

Waingereza wameangukia mtego huo huo. Neno lao “ginger” latoka katika lile la Kirumi, kwa njia ya Kifaransa. Wanayo maandazi matamu yaitwayo “gingerbread”, na mtu asomaye jina hilo husema upesi, “Huu ni mkate wa tangawizi.” Lakini hapo mwanzo neno halikuwa na mkate ndani yake. Katika Kifaransa cha kale “gingembras” ilikuwa tangawizi iliyohifadhiwa kwa sukari. Waingereza waliposikia ile sauti ya mwisho, “bras”, waliidhani kuwa ni “bread”, yaani mkate, wakalitengeneza neno hivyo. Na katika karne ya 15 kitu nacho kikafuata jina, kikawa mkate wa asali na viungo. Na ajabu juu ya ajabu, katika kitabu kimoja cha mapishi cha Kiingereza cha karne hiyo, maelezo ya kuupika mkate huo yataja asali, zafarani, pilipili, mdalasini na makombo ya mkate, wala hayataji tangawizi! Jina limo, kitu hakimo.

Kadhalika wanalo neno “gingerly”, maana yake kutenda jambo polepole kwa uangalifu, kama mtu akanyagaye miibani. Kwa macho ni mtoto wa “ginger”. Kwa asili siye. Hudhaniwa kuwa limetoka katika neno jingine la Kifaransa cha kale lenye maana ya kitu laini na kizuri. Kama lingetoka katika tangawizi, lingekuwa na maana kinyume, kwa sababu tangawizi haina upole.

Ukali huo ndio uliozaa maana nyingine katika Kiingereza. Francis Grose, aliyetoa mwaka 1785 kamusi ya maneno ya mitaani, aandika kwamba katika viwanja vya kupiganisha majogoo, jogoo mwekundu aliitwa “ginger”, na kwa mfano huo mtu mwenye nywele nyekundu akaitwa vivyo hivyo. Hata leo Waingereza huwaita hivyo wenye nywele za rangi hiyo. Yeye huyo aeleza hila ya wachuuzi wa farasi: walimtia farasi mzee kipande cha tangawizi chini ya mkia, ili kwa kuwashwa aunyanyue mkia na kurukaruka, mnunuzi amdhanie kuwa kijana. Ndipo watu wakapata msemo wa “kumtia mtu tangawizi”, maana yake kumchochea aliyelala. Huko Kanada, mwaka 1924, wabunge kadha wa kadha walijitenga na chama chao kwa kuwa walikiona kimepoa, nao wakaitwa Kundi la Tangawizi. Miongoni mwao alikuwamo Agnes Macphail, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge la nchi hiyo. Neno lililoanza kwa udanganyifu sokoni likapata heshima katika baraza.

Sasa tufike katika sehemu ya historia hii iliyo na machozi. Katika karne ya 16 Wahispania waliipeleka tangawizi ng'ambo ya bahari, katika visiwa vya Amerika, nayo ikasitawi sana Jamaica. Tangu hapo “tangawizi ya Jamaica” likawa jina la sifa katika masoko ya dunia. Jina hilo lakitaja kisiwa. Mikono iliyolima haitaji. Mikono hiyo ilikuwa ya Waafrika waliouzwa utumwani. Mtu aliyeupa mmea huu jina lake la kitaalamu litumiwalo hata leo, Zingiber officinale, ni William Roscoe wa Liverpool, mwaka 1807. Na neno lile la pili lina maana ya kitu kiwekwacho katika ghala ya dawa. Mtu huyo huyo alikuwa mbunge wa mji wake, mji uliotajirika kwa biashara ya watumwa, naye alipiga kura biashara hiyo ikomeshwe, na sheria ikapita mwaka ule ule. Twamkumbuka kwa mambo yote mawili, na la pili ni kubwa kuliko la kwanza. Watumwa wa Jamaica walipokwisha kuwa huru kabisa, mwaka 1838, wengi walijipatia vishamba milimani, na tangawizi ikawa zao la watu huru.

Lakini jina lile la sifa lilikuja kutumiwa kwa uovu. Marekani ilikataza pombe tangu 1920 hata 1933. Palikuwa na dawa ya maji iliyouzwa madukani kwa jina la tangawizi ya Jamaica, nayo ilikuwa na kileo kingi. Walevi maskini wakaifuata. Serikali iliamuru itiwe tangawizi nyingi sana, ili ukali wake umshinde mnywaji. Na wakaguzi walikuwa wakiichemsha kidogo hata kileo kikaisha, kisha wakapima uzito wa kilichobaki. Hapo ndipo ujanja ulipoingia. Watengenezaji walipunguza tangawizi, wakatia vitu vingine vizito ili mizani iridhike. Wahenga walinena, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawa walitia vibaya kuliko maji. Mwanzoni mwa mwaka 1930 wengine walitia mafuta ya viwandani yasiyo na harufu wala ladha, nayo yalikuwa sumu ya mishipa ya fahamu. Watu wakaanza kuburuta miguu, kisha ikapooza. Waliopatwa walikuwa maelfu kwa makumi, na wengi hawakutembea tena sawasawa hata kufa kwao. Chupa ilisema tangawizi. Mizani ilisema tangawizi. Miguu ya watu ndiyo iliyosema kweli.

Basi tumejifunza nini? Jina la tangawizi liliwahadaa Warumi kuhusu nchi yake, likawahadaa watu wa Italia kuhusu shamba lake, likawahadaa Waingereza kuhusu mkate, na likawaua miguu Wamarekani maskini. Tena jina hilo hilo, likiulizwa kwa subira, latuonyesha mabaharia, misafara, watumwa na watu huru, na latuonyesha nafasi yetu katika mambo ya dunia. Kosa si la jina. Kosa ni la mtu alisikiaye jina akaona yatosha.

Kwa hiyo twawasihi wasomaji mambo mawili madogo. Mkinunua tangawizi ya unga sokoni, iliyofungwa katika karatasi na kuandikwa vizuri, inuseni, ionjeni, mwulizeni mwuzaji alikoipata. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Au nunueni ile nzima, yenye vifundo na udongo wake, mkatwange nyumbani. Wakulima wetu wa milima ya Upare katika wilaya ya Same huivuna kwa wingi, na kipande kizima hakijui kusema uongo. La pili, wazee wakiwaeleza asili ya neno, au ya ukoo, au ya kijiji, sikilizeni kwa heshima, yaandikeni, kisha waulizeni na wa kijiji cha pili. Mashahidi wawili wakikubaliana pasipo kupatana kwanza, hapo pana njia ya kuifikia kweli.